Kalenda ya Google: inafaa kwa kodi na kliniki, kasoro ni saa

Anayefungua duka saa moja kila siku hahitaji kalenda ya simu. Ratiba yake anaijua, na adhana inamkumbusha mengine. Programu hii ya bure ina faida kwa mambo ya mara chache: kodi ya nyumba, bima ya gari, chanjo za mtoto.

Kinachowaangusha wengi ni saa. Programu huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua lichomoze au lizame. Ukiambiwa "saa nne asubuhi" ukaandika 4:00, umeweka saa kumi alfajiri, na simu italia nyumba nzima imelala. Sahihi ni 10:00. Kuiweka simu kwa Kiswahili hakuponyi: menyu inabadilika, saa inabaki ileile. Tumia mtindo wa saa 24, kisha andika "saa 4 asb" ndani ya jina la tukio ili macho yahakiki vidole.

Kodi ya miezi mitatu mitatu: gusa alama ya kujumlisha, chagua tukio, liwe la siku nzima, lijirudie kila miezi 3. Usiweke tarehe 31. Ukianza Januari 31, Aprili inarukwa kimyakimya kwa kuwa haina siku hiyo. Tarehe 25 ni salama, tena inaacha siku za kuhangaikia pesa.

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 ni tukio moja: kila wiki 4, likome baada ya mara 3. Za miezi 9 na 18 ziandike pekee, ukiangalia kadi ya kliniki.

Arifa isipolia, mara nyingi mchawi ni kibana betri cha simu, yaani mpangilio unaozuia programu ili kuokoa chaji. Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya programu, kisha Kalenda, kisha betri, uondoe vizuizi. Hata hivyo mlio wake ni mfupi kama wa ujumbe. Wa kuamshwa atumie kengele ya saa.

Tarehe za Hijria zinaweza kuonyeshwa kando ya za kawaida, ila ni za hesabu, si za mwezi kuandama. Idi ikisogea siku moja programu haina habari, kwa hiyo usikate tiketi ya basi kwa kuitegemea.