Themometa ya shilingi 350: nyota nne

Naona watu wanauliza kama hizi themometa nyeupe za betri, za bei ya chini, zafaa. Yangu niliinunua Aprili 2020 katika duka la dawa hapa Mombasa, shilingi 350, na mpaka leo inapima.

Sikuinunua kwa ajili ya korona. Nilikuwa kwenye kemo ya saratani ya titi, kila baada ya siku 21, na nesi alikuwa amenikazia jambo moja: "Mama, ikifika 38 usingoje kupambazuke. Na usimeze Panadol kwanza." Kemo hushusha chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, zaidi wiki ya pili baada ya dripu, na mara nyingi homa ndiyo dalili pekee utakayoiona. Panadol itaishusha homa ujione mzima, kumbe maradhi yanaendelea ndani kwa ndani.

Ilikuja ikisoma Farenhaiti. Usiku wa kwanza nikaona 98.6, nikampigia mwanangu ukelele. Alicheka mpaka akakaa chini: kumbe hiyo ni 37 ya Selsiasi, joto la kawaida. Yangu hugeuka Selsiasi ukikishikilia kitufe sekunde chache. Karatasi ya maelezo ilikuwa Kichina kitupu. Mlio wake ni wa mbu. Kioo hakina taa, na homa ina tabia ya kuja usiku. Kwapani husoma chini kidogo kuliko chini ya ulimi, na kama umetoka kunywa chai ya tangawizi, ngoja kama robo saa ndipo ujipime.

Kilichonifanya niipende ni kitu kidogo: ukiiwasha, kwanza huonyesha kipimo cha mwisho, na herufi M pembeni.

Mei hiyo sisi wa Mji wa Kale tulikuwa tumefungiwa kwa sababu ya korona tangu tarehe 6, haingii mtu hatoki mtu, juu ya kafyu ya saa moja jioni. Usiku mmoja, saa tano, nikaanza kutetemeka hata kitanda kikalia. Mwanangu akamulika kwa simu: 38.6. Tukamwamsha jirani mwenye tuktuk. Kwenye kizuizi askari aligeuzageuza kadi yangu ya kliniki, mwandiko wa daktari ukamshinda. Nikaiwasha themometa nikampa. Akaisogeza kwenye tochi, akasoma kwa sauti, "Thelathini na nane nukta sita," kisha akavuta pipa pembeni. "Pita, mama. Pole."

Langoni mwa hospitali, ambayo siitaji, namba ileile ikanigeuka. Siku hizo homa ilikuwa na jina moja tu. Kabla sijamaliza kueleza, watu wakarudi nyuma, nikaelekezwa hemani kukaa benchi moja na wanaokohoa. Mtu asiye na kinga hata ya mafua! Nilikaa pale mpaka saa nane, nesi mmoja wa zamu alipouona mtandio wangu umeteleza kwenye kichwa kisicho nywele. "Uko kwenye kemo?" Hakungoja jibu. Baada ya hapo dripu ya antibiotiki ilinifikia upesi. Kipimo cha korona kilirudi baadaye: sina.

Kwa hiyo mkiinunua, jueni kazi yake inaishia wapi. Itakwambia una homa, haitamwambia mlinzi homa imetoka wapi. Tangu usiku ule, nikifika lango lolote neno langu la kwanza ni "kemo", la pili ndiyo homa.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya taa. Hema si kosa lake.

Betri ni LR41, ile ndogo ya saa. Fundi wa saa aliniwekea mpya huku tukiongea, na nimebadilisha mara mbili tu. Kikasha chake cha plastiki kilipasuka mwaka uleule. Sasa naiweka kwenye kikasha cha miwani, pamoja na ile kadi ya kliniki, ambayo mwanangu ameiandika upya kwa herufi kubwa.