Harrier Anaconda ya 4WD kwa barabara za Kusini: uzoefu wangu

Harrier nyingi zinazopita Mtwara mjini, kuanzia Shangani mpaka Chikongola, tairi zake za nyuma hazisukumi kitu, zinaburuzwa tu na za mbele. Mwenye gari ukimwambia anabisha, maana gari limenyanyuka, lina umbo la kibabe, na aliyemuuzia alimhakikishia kwamba linapita popote. Mwambie atoe kadi muangalie namba ya chasisi. Ikianza na ZSU60, hiyo ni 2WD, inasukumwa na tairi mbili tu. Ikianza na ZSU65, hapo ndipo kuna 4WD, tairi zote nne zinaweza kusukuma. Kwa nje hazitofautiani kitu, na kwenye picha za mtandaoni wauzaji wengi wanaandika "Harrier 2.0" basi, habari imeisha.

Mimi ninayo 65, ya petroli, toleo tunaloliita Anaconda. Kazi yangu ni ya korosho, kwa hiyo msimu ukianza nakuwa Nanyamba, Tandahimba na Newala kwenye maghala ya vyama vya msingi, na katikati ya hapo kuna safari za Lindi na Dar. Naandika kwa sababu naulizwa sana na watu wa huku kama gari hili linafaa. Linafaa, ila kwa masharti, na sharti la kwanza ndilo hilo la 65.

Kwa wasioijua historia yake: Harrier ya kwanza ilitoka Japani mwishoni mwa 1997, na mwaka uliofuata Marekani waliipata kwa jina la Lexus RX. Ile ya 2003 ndiyo tunayoiita "tako la nyani", nayo ilikuwa Lexus iliyobadilishwa nembo tu. Anaconda ilioneshwa Novemba 2013 na hapo Harrier ikaachana na Lexus, ikawa gari la soko la Japani lililojengwa kwa msingi mmoja na RAV4 ya wakati huo. Urefu wa kati ya ekseli za mbele na nyuma ni uleule, milimita 2,660. Mbele halina nembo ya Toyota, lina ndege. Watu wanaosema "hii ni Lexus kabisa" wanaongelea zile mbili za mwanzo.

Sasa 4WD yenyewe. Wengi wanaifikiria kama ya Land Cruiser, yenye gia ya kuvuta na loki. Sivyo. Injini imekaa kwa kukingama, nguvu inaanza kwa tairi za mbele, kisha kuna propela inayopita chini hadi kwenye difu ya nyuma. Kabla ya difu pamekaa kapulingi yenye klachi inayobanwa kwa umeme. Ukiwa kwenye lami kavu, mwendo wa kawaida, klachi imelegea na gari linasukumwa na tairi za mbele, ili kuokoa mafuta. Ukiondoka kwa kukanyaga, ukikata kona, au tairi za mbele zikianza kuteleza, kompyuta inaibana na nguvu inagawanywa, mpaka nusu kwa nusu. Haivuki hapo. Hakuna siku tairi za nyuma zitapata zaidi ya za mbele, na hakuna gia ya chini ya kupandia mlima taratibu.

Faida yake utaiona kwenye utelezi. Ukipita Mnivata kuelekea Newala, kila mahali ambako lami haijafika, mvua za Januari zinageuza ule udongo mwekundu kuwa sabuni. Hapo 2WD inafanya mambo ya ajabu: pua inakwenda unakotaka wewe, kisha inaghairi, inaelekea mtaroni. Hii ya kwangu inajikaza. Unasikia kama kuna mtu amekushika kiunoni kutoka nyuma, gari linanyooka. Kuondoka kwenye mwinuko wenye matope, ambako tairi za mbele zinakuwa nyepesi kwa sababu uzito umerudi nyuma, ndiko nilikoona thamani ya pesa niliyoongeza. Kama hujawahi kupanda na gari lililojaa watu na mizigo kwenye vile vilima vya uwanda wa Makonde wakati wa masika, unaweza kudhani natia chumvi.

Mchanga ni habari nyingine. Njia ya Madimba kwenda Msimbati gari dogo lolote linapita kukiwa kikavu, lakini ukishapita kijiji ukataka kusogea upande wa Ruvula, mchanga ni mzito. Kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, zima TRC, mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, kwa kile kitufe chenye picha ya gari linaloteleza, kwa sababu TRC ikiona tairi zinazunguka bure inakata nguvu ya injini, na mchangani ukikatiwa nguvu umekwisha. Pili, punguza upepo wa tairi, nenda kwa mwendo mmoja usiosita, na usilazimishe. Klachi ya aina hii ikifanya kazi ya kuteleza muda mrefu inapata joto, na mfumo unajikata wenyewe, gari linarudi kuwa 2WD mpaka lipoe. Huo si ubovu, limejilinda. Lakini kama umeshazama hadi ekseli, kujilinda kwake hakukusaidii, tafuta vijana wa kijijini na majembe.

Sharti la pili ni kimo. Chini ya gari hadi ardhini ni milimita 190. Hiyo 4WD haiongezi hata milimita moja juu ya ile ya 2WD. Forester ya kipindi hichohicho ina 220, X-Trail ina 205, na tofauti hiyo ya vidole viwili ndiyo inayoamua kama tumbo la gari litagusa au halitagusa. Barabara zetu za vumbi zina ule mgongo wa katikati unaojengwa na malori ya korosho. Fuso likipita na mzigo mara nyingi njia ileile, tairi zake zinachimba mifereji, katikati panabaki juu. Harrier ukiiweka ndani ya mifereji hiyo, utasikia chini inakwaruza. Mimi natembeza tairi za upande mmoja juu ya mgongo na za upande wa pili pembeni ya barabara. Inachosha, lakini kava la plastiki lililo chini ya injini bado lipo mahali pake. Mvua za Mei 2024 za kipindi cha kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, kwenye ile michepuko ya vifusi nilikuwa nawaonea wivu wenye Prado.

Na bampa la mbele liko chini kwa sababu ya urembo. Nusu ya magari haya hapa mjini yana bampa lenye mshono wa fundi.

Injini ni 3ZR-FAE, cc 1,986, silinda nne, nguvu farasi 151 na msokoto wa nyutoni mita 193. Inatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo hakuna habari ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa. Ina mfumo wa Valvematic unaobadilisha kiasi cha valvu za kuingizia hewa kufunguka kulingana na unavyokanyaga. Jambo zuri kwetu ni kwamba injini hii imo pia kwenye Noah na Voxy, kwenye Wish ya cc 2,000 na kwenye Premio ya cc 2,000. Fundi yeyote wa Mtwara aliyewahi kushika Noah ya karibuni anaijua. Plagi, filta na sensa hazikusumbui. Vinavyosumbua ni vitu vya bodi na taa: hivyo vinaagizwa Dar, vinakuja na basi, na bei yake utakaa chini kwanza.

Kwa uzito wa gari, zaidi ya tani moja na nusu, injini hii haina mbwembwe. Ukitoka Lindi kwenda Mtwara unakutana na malori ya saruji ya Dangote na yale ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini, marefu na mengi. Kuovateki kunataka hesabu. Ukikanyaga ghafla, CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) inapandisha mzunguko, injini inalia kwa kelele nyingi, mwendo unakuja polepole nyuma ya kelele. Mimi nasogeza gia kwenye M, ya kuchagua gia mwenyewe, kabla sijatoka nyuma ya lori, nashusha, ndipo natoka. Kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala hiyo M ni ya lazima kuliko hata kuovateki, breki zinapumzika.

CVT yenyewe ni laini mno mjini, hakuna mshtuko wa gia. Ila fundi akikuambia "dada, hii tunaweka ATF tu, ni kitu kimoja," ondoka na gari lako. ATF ni oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, hii inataka oili ya CVT iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Na ukiwa na 4WD kuna oili mbili zaidi ambazo mwenye 2WD hanazo, ya difu ya nyuma na ya kile kiboksi cha mbele kinachopeleka nguvu kwenye propela. Hizi zinasahaulika kwa sababu hakuna taa ya dashibodi itakayokukumbusha.

Mafuta: tenki ni lita 60. Barabara kuu kwa mwendo wa heshima napata kilomita kumi na moja hadi kumi na mbili kwa lita, kwa hiyo Mtwara hadi Dar, kama kilomita 560, nafika kwa tenki moja na kinabaki kidogo. Vumbi na matope inashuka hadi nane au tisa. Mjini, kipupwe (AC) kikiwa wazi kutwa nzima kwa joto letu la pwani, ni katikati ya hapo.

Anasa ipo, siwezi kukataa. Ndani pamefunikwa ngozi ya bandia yenye mishono, viti vinakushika vizuri, na kelele za nje ni chache kuliko gari lolote nililowahi kumiliki. Breki ya mkono ni ya kitufe, na kuna kitufe kingine cha kushikilia gari ukisimama kwenye foleni ama mlimani. Nisichokipenda ni ile paneli ya kipupwe ya kugusa. Haina vitufe vya kubonyeza, kwa hiyo barabara ya mawimbi kidole kinakwenda kwingine, na vumbi jekundu linaonekana juu yake dakika kumi baada ya kufuta. Redio ya Japani inaishia chini ya masafa ya stesheni zetu nyingi mpaka ufungiwe kibadilishi, na yule mama wa Kijapani anayekukumbusha kadi ya barabara za kulipia kila ukiwasha gari, utamzoea.

Tairi: za madaraja ya Grand na Elegance ni 225/65R17, za Premium ni 235/55R18. Kwa huku chukua za 17, ukuta wake ni mnene zaidi, unahimili mashimo. Zote nne ziwe saizi moja na zimelika karibu sawa, maana tairi yenye mzunguko tofauti inaifanya klachi ya nyuma ifanye kazi isiyoisha. Spea inayokuja nalo ni ile nyembamba ya dharura, mwisho kilomita 80 kwa saa. Kuitumia kutoka Newala hadi Mtwara sitamshauri mtu. Nilinunua rimu kamili, inakula nafasi kwenye buti, lakini nalala usingizi.

Mkiagiza, kuna jambo moja la 4WD ambalo mwenye 2WD halimhusu sana. Japani wanaonunua 4WD wengi ni wa mikoa ya theluji, Hokkaido na kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Gari linaweza kung'aa juu, chini likawa limeliwa na kutu. Dai picha za chini ya gari: mikono ya nyuma, propela, bomba la ekzosi. Wasipotuma, achana nalo. Likishafika huku, chumvi ya bahari inaendeleza kazi, kwa hiyo ukitoka Msimbati lioshwe chini, si juu tu.

Kuhusu haibridi ya petroli na umeme, AVU65, zote ni 4WD, lakini nyuma hakuna propela, kuna mota ya umeme ya nguvu farasi 68. Kwenye utelezi wa kawaida inatosha, kwenye mchanga sina imani nayo. Kimo chake ni milimita 175, na betri iko chini ya kiti cha nyuma, ikivuta hewa ya ndani kujipoza, hewa ambayo kwetu nusu ni vumbi. Injini yake ni cc 2,493, inavuka cc 2,000, na ushuru nao unapanda ngazi. Ile ya tabo iliyoanza 2017, farasi 231 na gia sita za kawaida badala ya CVT, ndiyo ningeitaka kwa ajili ya yale malori ya saruji. ASU65 lakini, si ASU60.