Siku tatu Mombasa kwa wawili: jongoo wa Bamburi, mpingo wa Changamwe na viazi karai

Wachumba na wanandoa wengi wakija Mombasa huteremka kwenye gari na kujifungia hoteli ya ufuoni, wakaondoka na picha za mawimbi ambazo wangezipata Diani au Watamu. Mji wenyewe wanauacha nyuma. Maoni haya yanauhusu mji: bustani zake, kazi za mikono na chakula, kwa watu wawili wenye siku tatu na miguu isiyochoka upesi. Hukumu yetu ni kwamba Haller Park na mafundi wa Changamwe ndio wanaostahili muda mrefu. Fort Jesus inatosha asubuhi moja. Zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue ni za dakika tano, mkipita.

Tuanze na Haller Park, Bamburi, kwa sababu wageni wengi huingia humo kuona twiga na kutoka bila kujua walichokikanyaga. Hapa palikuwa shimo la machimbo. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimekwangua matumbawe mpaka karibu na maji ya chumvi, na udongo haukubaki. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu Mswisi, alianza kupanda miti kwenye mwamba ule mtupu. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu ndizo zilizoshika, na mvinje, mti wenye majani membamba kama sindano, ukazipita zote, maana mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti. Tatizo likawa majani. Sindano za mvinje zina tanini nyingi, basi zilirundikana chini bila kuoza. Haller akaleta jongoo. Jongoo wakazitafuna zile sindano, na kinyesi chao ndicho kilichogeuka udongo wa kwanza wa mahali pale.

Inameni chini ya mvinje mmoja mjionee. Juu mna sindano kavu za kahawia, nyepesi kama nywele. Zifukueni kwa vidole, mtakuta unga mweusi wa punjepunje, na mahali pengine kidole hugonga tumbawe kabla hakijazama chote. Msitu wote ule mnaouona umesimama juu ya tabaka hilo. Kwangu hakuna bustani ya kifahari inayoshinda hapo.

Nendeni alasiri, mfike kabla ya saa tisa, jua likianza kulegea, na mkifika langoni ulizeni kwanza saa ya kulisha twiga na viboko, kwa kuwa ratiba hubadilika. Vaeni viatu vya kufunga na mjipake dawa ya mbu, kwani vidimbwi ni vingi. Asubuhi za siku za shule huja mabasi ya wanafunzi na utulivu ukatoweka. Kwenda, pandeni matatu ya Mtwapa na mumwambie makanga awashushe Haller Park. Kurudi kisiwani jioni ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: foleni ya daraja la Nyali asubuhi huingia mjini na jioni hutoka mjini, kwa hiyo nyinyi mtakuwa upande uliolegea.

Bustani ya pili ni Mama Ngina, kandokando ya mlango wa bahari wa Kilindini, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa 2019. Yenye thamani pale ni mibuyu mikongwe na meli za mizigo zinazopita karibu hivi kwamba mnasoma majina yake bila darubini. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake. Kuleni mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kujazwa pilipili na ndimu. Kachiri, vile vipande vyembamba vikavu vya kukaanga, nunueni zinazotoka kwenye karai mbele yenu. Zilizofungwa tangu mchana hunywa unyevu wa bahari na kulegea. Dafu nalo litikiseni sikioni kabla halijakatwa. Lililojaa halina sauti. Maji yakichezacheza ndani, limeanza kuwa koroma, nyama yake ngumu na maji yake yamepungua utamu.

Kwa upande wa sanaa, wekeni Changamwe siku ya mwisho. Ushirika wa wachongaji Wakamba, ulioanzishwa 1963, uko barabara ya Port Reitz inayokwenda uwanja wa ndege, na hata stesheni ya reli ya Miritini iko upande huohuo wa bara, hivyo hamtabeba vinyago mji mzima. Asili ya kazi hii inasimuliwa hivi: Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, alijifunza uchongaji kwa Wamakonde alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani. Pitieni mabandani kabla ya duka. Mtawaona mafundi wameketi chini, gogo limebanwa kwa nyayo, tezo ikishuka karibu na vidole kwa kipimo ambacho mgeni hathubutu kukijaribu.

Msiulize bei kabla hamjaujua mti. Mpingo ni mweusi moyoni na una ukanda mweupe wa manjano nje. Ni mzito kupita maji, kijiko chake kikitiwa kwenye glasi huzama. Barabarani mjini mtauziwa mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu kwa jina la mpingo. Geuzeni kinyago, sugueni kitako kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na kitambaa kikitoka cheusi, kinyago kirudisheni. Muhugu una rangi ya kahawia na harufu nzuri, lakini umekatwa sana misituni. Ndiyo maana siku hizi tunapendekeza mwarobaini: hukua haraka, hupandwa mashambani, na rangi yake ya wekundu mtulivu hupendeza kwenye bakuli na sinia.

Lawama kubwa dhidi ya vinyago ni kwamba hupasuka vikifika nyumbani. Kosa huwa unyevu. Mti uliochongwa mbichi kwenye hewa nzito ya pwani ukipelekwa Nairobi, au chumba chenye kiyoyozi, hukauka nje kabla ya ndani, ukaingia ufa. Gusisheni kitako cha kinyago shavuni: kikiwa baridi isiyo ya kawaida, bado kina maji. Mkikipenda hivyo hivyo, kifungeni kwa matabaka ya gazeti ndani ya boksi (mifuko ya plastiki ni marufuku Kenya), na nyumbani mpunguze tabaka mojamoja kwa wiki tatu au nne.

Sanaa nyingine iko Biashara Street, nayo ni leso. Leso ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Huuzwa doti, pande mbili zikiwa zimeshikana, na mafundi wa cherehani walio karibu huzikata na kukunja pindo mkisubiri. Chapa ya K.H.E. yenye maandishi "Mali ya Abdulla", ya biashara iliyoanza 1887, bado ndiyo kipimo cha wengi. Dondosheni tone la maji kwenye kona: pamba hulinywa, nailoni huliacha likae juu. Bwana anayemnunulia bibi asome jina kabla ya kulipa. Leso husema na mtu. Yapo maneno ya mapenzi, yapo ya shukrani, na yapo makombora ya kumrushia jirani au mke mwenza. Rangi nzuri yenye neno baya ni zawadi iliyoharibika, na duka halitakuwa na kosa. Mara ya kwanza ifueni peke yake, maji baridi.

Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia 2011. Ingieni saa mbili asubuhi, kwa kuwa ua wake hauna kivuli na saa sita kuta hutoa joto kama tanuri. Tiketi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na chaji na pesa. Nendeni moja kwa moja kwenye michoro ya ukutani, ambako mabaharia Wareno walichora merikebu zao kwa makaa na udongo mwekundu, kisha vyombo vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, meli iliyozama hapo 1697 ngome ikiwa imezingirwa. Mtu akijitia kuwaongoza nje ya lango, ombeni kitambulisho na mkubaliane malipo kabla ya hatua ya kwanza.

Mkitoka, ingieni Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Hapa kushikana mikono kunatosha. Kukumbatiana na kubusiana hadharani huwakera wenyeji, mabega na magoti yafunikwe (leso mliyonunua inafaa), na picha ya mama wa buibui hupigwa kwa idhini yake.

Chakula kina saa zake, na mgeni akikosea saa huulaumu mji. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Hamri nzuri ina uwazi ndani na harufu ya iliki. Ikitoa mafuta mkononi, karai halikuwa na moto wa kutosha. Biriani ni ya mchana, wali na rojo vikipakuliwa mbalimbali. Ya usiku mara nyingi ni iliyopashwa. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui zito na kurudishwa motoni. Rojo likiwa na mafuta yaliyojitenga juu na chengachenga chini, tui limekatika kwa moto mkali, na mna haki ya kulikataa. Viazi karai huchovywa kwenye unga wenye manjano na kuliwa kwa ukwaju, jioni tu, vya moto. Vilivyokaa kabatini ganda hugeuka ngozi. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, lakini baada ya futari mtaa wote hujaa kaimati na vitumbua.

Malizieni kwa muuza kahawa tungu. Dele la shaba linakaa juu ya makaa, vikombe ni vidogo visivyo na mkono, tangawizi inawasha koo. Chukueni kashata moja mgawane, na kikombe kiacheni kabla ya tone la mwisho, maana chini kuna mashapo.