Soksi za kubana miguu baada ya tiba ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni): za kununua Moshi

Soksi za daraja la 2, yaani shinikizo la milimita 23 hadi 32 za zebaki, hubana vizuri, mradi daktari amehakikisha ateri za miguu (mishipa inayopeleka damu) ni nzima. Duka linalouliza namba ya kiatu tu, liache! Saizi hutokana na mzunguko wa kifundo na shavu la mguu, vipimwe asubuhi kabla mguu haujavimba. Geuza soksi ndani nje hadi kisigino, vaa glavu za mpira, upandishe kidogo kidogo. Ukingo wa juu usikunjwe kamwe: mkunjo hubana kama kamba, damu ikakwama chini yake. Kwa joto la Moshi, chukua jozi mbili za kubadilishana. Fua kwa mkono, anika kivulini. Vidole vikifa ganzi, vua mara moja.