OpenEpi: kikokotoo kinachotoa 384 kabla hujakiuliza

Kwa msomaji wa Tanzania, neno kikokotoo limekwisha kunasa harufu ya mjadala wa mafao ya wastaafu, lakini hiki ninachokipitia hapa hakihusiani na pensheni. OpenEpi ni programu ya bure ya hesabu za epidemiolojia, yaani elimu ya mienendo ya magonjwa katika jamii, kazi ya Andrew Dean, Kevin Sullivan na Minn Minn Soe, ambayo wauguzi, matabibu na wanafunzi wa afya ya jamii huifungua hasa wanapohitaji kutaja ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu watakaochunguzwa, katika andiko la utafiti. Nimeitumia kwa andiko langu mwenyewe na kwa kuwasaidia wengine, na bado naipendekeza, ingawa kwa sharti nitakalolieleza.

Uzuri wake unaonekana mapema. Haidai usajili wala malipo, hufanya kazi ndani ya kivinjari cha kawaida, na unaweza kuipakua ukaitumia mahali pasipo na intaneti, jambo ambalo mtu aliyewahi kuandikia andiko lake katika zahanati ya kijijini atalithamini. Chini ya majibu huonyesha kanuni iliyotumika, hivyo msimamizi anayetilia shaka anaweza kuirudia hesabu kwa kalamu. Sura yake ni ya kizamani, na toleo lililopo limeandikwa kuwa lilihuishwa mwaka 2013, lakini hesabu za namna hii hazichakai.

Tatizo liko kwenye visanduku vinne vya ukurasa wa sampuli, ambavyo hufunguka vikiwa vimekwisha kujazwa: idadi ya watu wa jamii nzima 1,000,000, kiwango cha tatizo kinachokadiriwa asilimia 50, kosa linalovumilika (umbali unaokubali jibu lako liwe juu au chini ya ukweli) asilimia 5, na athari ya usanifu (namba inayoikuza sampuli pale watu wanapochaguliwa kwa makundi) 1. Bonyeza kitufe cha kukokotoa bila kugusa chochote, na kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 utapewa 384. Ndiyo namba ile ile iliyojaa katika tasnifu zetu, iwe mada ni presha, lishe ya watoto au uridhikaji wa wagonjwa. Asilimia 50 ina sababu yake, kwa kuwa ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote pale kosa linalovumilika likibaki lile lile, kwa hiyo ni kimbilio la busara kwa mtafiti asiye na makadirio yoyote ya awali. Asiye na makadirio, nasema, si aliye mvivu wa kuyatafuta.

Chukua VVU. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ukiingiza kiwango hicho na kuliacha kosa kwenye asilimia 5, kikokotoo kitakuambia kwa utulivu kabisa kwamba watu wapatao 65 wanatosha, ingawa makadirio yako yataanzia chini ya sifuri na kuishia asilimia 9.4. Punguza kosa hadi asilimia 1 na idadi inapanda kupita 1,600. Programu haitoi onyo lolote kati ya majibu hayo mawili, na hapo ndipo ninapoipunguzia alama.

Athari ya usanifu iliniumiza mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kuchagua vituo vya afya kwanza, kisha wagonjwa ndani ya kila kituo, nami nikaiacha ile 1 ilivyo. Kamati ya maadili ikanirudishia andiko, kwa haki kabisa, kwa sababu wagonjwa wa kituo kimoja hufanana kuliko wagonjwa waliookotwa huku na huko. Nilipoweka 2, sampuli ikawa mara mbili ya ile ya kwanza, na bajeti yangu ya nauli ikafa papo hapo.

Wanaokataa kushiriki nao hawamo katika hesabu; ni juu yako kuwaongeza. Ukitarajia asilimia 10 wakatae, gawanya 384 kwa 0.9 upate 427. Wengi huzidisha kwa 1.1, wakaishia na 423 na pengo dogo wasilolijua.

Kwa utafiti wa kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, programu hutoa majibu matatu kwa pamoja, kwa kanuni tatu za kukokotoa sampuli: ya Kelsey, ya Fleiss, na ya Fleiss yenye sahihisho, bila kukuelekeza uchukue lipi. Mimi huchukua kubwa zaidi na kuandika jina la kanuni kwenye andiko. Kwa utafiti wa mahojiano ya kina haina msaada wowote, wala haikudai kuwa nao.

Sharti langu, basi, ni hili: kabla ya kuufungua ukurasa huo, andika kwenye karatasi makadirio yako, chanzo chake, kosa unalolivumilia na namna utakavyowachagua watu, kisha ufute vile visanduku vinne na uvijaze upya kutoka kwenye karatasi hiyo. Kwa anayefanya hivyo, naipa alama nne kati ya tano.