Kiuno kinauma ukiendesha? Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Kama umetoka Tabora mjini na ukifika Urambo tu, kilomita 90 hivi tena lami, unashuka umeshika kiuno kama mzee, usikimbilie dukani kununua mto. Hivi vigari vyetu vya used mara nyingi tatizo haliko mgongoni, liko chini unapokalia. Sponji imechoka, makalio yanazama unakaa kama mtu aliyetumbukia kwenye beseni, sasa ukiweka mto hapo unakusukuma mbavuni badala ya kiunoni na maumivu yanazidi. Kujua ni rahisi, hamia siti ya abiria ukae dakika kumi. Ukisikia raha kuliko ya dereva, jibu umeshapata.

Kwa hiyo kwangu namba moja ni fundi wa siti. Sio mwenye maduka ya urembo wa magari, fundi yule yule anayeshona makochi. Wangu yuko Ng'ambo, alivyofungua siti yangu tukakuta sponji imekuwa unga unga, springi mbili zimekatika na katikati kuna kiroba kimekunjwa, yaani mwenye gari wa kwanza alishaumwa kiuno kabla yangu akajitibu kwa kiroba! Alifunga springi kwa waya mnene, akaweka sponji ngumu, akarudishia kitambaa kile kile. Nilitoa 45,000 na nusu siku kukaa chini ya mwembe. Ila simama naye, maana ukiondoka anakuwekea vipande vya godoro kuukuu, na mwambie asinyanyue sana, kichwa kisije kikagonga paa kwenye matuta.

Namba mbili ndo mto wa kiunoni, ule wa sponji wenye mikanda miwili ya kufunga nyuma. Wenye mkanda mmoja achana nao, kila ukishuka unateleza. Ubonyeze kwa kidole gumba, kikifika upande wa pili rudisha. Mnene sana nao mbaya, unakusogeza mbele miguu inabanana na pedo. Ukae usawa wa mkanda wa suruali, sio mabegani kama wengi wanavyoweka. Zile za memori fomu, sponji inayofuata umbo la mwili, ni nzuri lakini joto linazilegeza, mwezi wa kumi hapa ukipaki juani saa saba unakuta uji, kwa hiyo kama gari inalala nje na kushinda nje chukua sponji ya kawaida.

Tatu, usicheke, taulo. Viringisha, funga raba, weka kiunoni. Bure kabisa na linazidi mito mingi ya mtaani, pia linakuonyesha unataka unene gani kabla hujatoa hela.

Vile viegemeo vya mgongo vya wavu wenye waya vinapitisha hewa, jasho hakuna, ila waya ukipinda ndo basi. Shanga za mbao za kutandika kwenye siti ni za jasho tu, mgongo hazishikilii chochote, wauzaji wanadanganya.

Kabla ya yote hayo rekebisha siti yenyewe. Isogeze mpaka ukikanyaga klachi au breki mwisho goti libaki limekunja kidogo, egemeo lilale kidogo tu, mabega yakiwa yamegusa siti kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Na toa waleti mfuko wa nyuma jamani! Ila kama maumivu yanashuka mguuni pamoja na ganzi, hiyo kesi ya hospitali, sio ya fundi.

Mwisho kabisa naweka yale makava manene ya kufunika siti nzima. Yanapendeza, ila angalia pembeni ya siti yako, ukikuta kilebo kimeandikwa AIRBAG ujue mle kuna mfuko unaotakiwa kufumuka ukigongwa ubavuni, na kava lisiloachwa wazi hapo linauzuia. Langu nililivua, sasa hivi analilalia paka.