Majedwali ya Sensa 2022 kwa mpanga shule: yanafaa sana, ila yana tarehe ya kuisha

Afisa elimu kata anayetaka kujua Kidato cha Kwanza cha 2028 kitahitaji vyumba vingapi hana haja ya kubahatisha. Majedwali ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 yapo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), na kuyapakua ni bure. Hapa tunayapima kwa kazi hiyo moja tu ya kupanga shule.

Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 Tanzania ilihesabiwa watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, na kosa la kwanza la wengi ni kuichukua hiyo 3.2 na kuizidisha kila mahali. Pwani imetoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu mara mbili. Kilimanjaro imetoka 1,640,087 hadi 1,861,934. Anayetumia wastani wa taifa atajenga vyumba vya popo upande mmoja na kukalisha watoto chini upande wa pili. Ripoti ya mgawanyo wa watu inashuka hadi kata, na Zanzibar hadi shehia, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Uzuri mkubwa zaidi ni umri wa mwaka mmoja mmoja, yaani 6, 7, 8, badala ya kundi la 5–9. Shule haziendi kwa makundi ya miaka mitano. Ukikuta eneo lako lina makundi tu, usigawe kwa tano ukaridhika. Tumia vizidisho vya Sprague (namba maalumu za kugawa kundi la miaka mitano kuwa mwaka mmoja mmoja), au angalau chukua uwiano wa umri wa mkoa wako uuhamishie kwenye kata.

Sasa mtego unaowanasa hata wazoefu. Umri wa sensa ni miaka iliyotimia Agosti, shule inafunguliwa Januari. Mtoto wa "miaka 8" kwenye jedwali amezaliwa kati ya 24 Agosti 2013 na 23 Agosti 2014. Ukitaka waliozaliwa mwaka 2014 wote, chukua asilimia 64 ya wenye miaka 8 (siku 235 kati ya 365) na asilimia 36 ya wenye miaka 7. Ukiruka hatua hii, hesabu nzima inateleza kwa miezi kadhaa, na kwenye kata inayojaa haraka hizo ni familia nyingi.

Hesabu hiyo ina kazi ya haraka. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja. Januari 2028 mikondo miwili inabisha hodi sekondari kwa siku moja: waliozaliwa 2014 na waliozaliwa 2015, kwa wale walioanza shule kwa umri uliopangwa. Kwenye jedwali hao ni asilimia 64 ya miaka 8, miaka 7 wote, na asilimia 36 ya miaka 6.

Tuseme kata ina watoto 410 wa miaka 8, 430 wa miaka 7 na 440 wa miaka 6. Unapata 262 + 430 + 158, karibu 850. Kwa wanafunzi 40 kwa chumba ni vyumba 22. Mkondo wa 2014 peke yake ungekuwa watoto 417, vyumba 11. Vyoo navyo havisubiri: wasichana 425 kwa tundu moja kila 20 ni matundu 22, wavulana idadi hiyohiyo kwa tundu moja kila 25 ni 17. Kisha toa watakaokwenda shule binafsi na walioacha njiani, ongeza waliochelewa kuanza. Kwa marekebisho hayo rejista za shule ni bora kuliko sensa.

Ila rejista usizifanye msingi. Zinafuata sera kuliko uzazi. Elimu bila ada ilipoanza 2016, darasa la kwanza lilifurika, pamoja na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani miaka iliyotangulia. Wimbi hilohilo ndilo lililofika sekondari Januari 2023, na serikali ikalazimika kujenga vyumba 8,000 kwa haraka mwishoni mwa 2022. Aliyechora mstari kutoka kwenye rejista za 2016 alitabiri watoto ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Kasoro zipo. Mzazi asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto hukadiria, na umri hulundikana kwenye tarakimu zinazotamkika kirahisi, hasa 5 na 10. Lainisha kwanza kwa wastani wa miaka mitatu ya umri inayofuatana, ndipo uzidishe. Watoto wachanga nao huwa wanasahauliwa, kwa hiyo ukikuta wa miaka 0 ni wachache mno kuliko wa mwaka 1, usishangilie kushuka kwa uzazi. Ulinganisho na 2012 nao una kazi yake: Songwe ilikuwa ndani ya Mbeya hadi 2016, na kata mpya zimekatwa kutoka za zamani. Majedwali ya kina mengi yako kwa Kiingereza na katika PDF. Ukinakili, alama ya mkato kwenye maelfu inaweza kugeuza 1,240 kuwa maandishi, na Excel ikajumlisha sifuri bila kukuambia.

Kubwa kuliko zote ni kuhama. Sensa inajua mtoto alilala wapi Agosti 2022, haijui baba yake amenunua kiwanja wapi 2024. Kwa kata za pembezoni mwa Dar es Salaam, hakiki kila mwaka kwa daftari la wakazi la mtaa.

Na tarehe ya kuisha ni hii: darasa la kwanza la Januari 2028 (waliozaliwa 2021) ndilo la mwisho kuonekana lote. La 2029 linaonekana kwa miezi minane tu ya uzazi, na elimu ya awali inatangulia mwaka mmoja kupofuka. Kuanzia hapo tumia rejista za chanjo za zahanati.

Alama: nne kati ya tano. Moja imeliwa na PDF.